Daftari la mwalimu wa kwaya lisizikwe naye

Enoch Mankayi Sontonga alifariki dunia mjini Johannesburg tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 30 na michache tu. Alizaliwa Uitenhage, mashariki mwa Rasi ya Afrika Kusini, yapata mwaka 1873. Alisomea ualimu katika taasisi ya misheni ya Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, nje kidogo ya Johannesburg. Huko alifundisha watoto, akaongoza kwaya, akapiga picha na kutunga nyimbo. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika, na tangu uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, sauti hiyo ndiyo inayobeba maneno ya Mungu Ibariki Afrika. Mtoto wa shule wa Kitanzania huimba kazi ya mwalimu huyu kabla hajajua hata Johannesburg iko upande gani wa ramani. Hoja yangu ni kwamba wimbo huu uliishi kwa sababu mtunzi wake alikuwa mwalimu aliyeuweka vinywani mwa wengine, na nyimbo zake nyingine zikapotea kwa sababu zilibaki katika daftari moja. Tofauti hiyo inawahusu moja kwa moja walimu wa kwaya wa parokia na sharika zetu leo, walio hai na waliotangulia.

Tuanze na kazi yenyewe. Johannesburg ya Sontonga ilikuwa mji mchanga. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa pale mwaka 1886, na watu wa makabila na lugha nyingi walimiminika kutafuta kazi migodini na majumbani. Mwalimu wa misheni alikuta darasani watoto wa watu waliotoka mbali, na kanisani waumini waliojua tenzi chache za Kizungu zilizotafsiriwa. Silaha yake ilikuwa solfa, ule mfumo wa kuandika sauti kwa herufi za do, re, mi badala ya nota za mistari mitano. Mchungaji John Curwen wa Uingereza aliujenga katikati ya karne ya 19 juu ya msingi uliowekwa na mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich. Uzuri wa solfa ni kwamba haihitaji kinanda. Mwenye ubao na chaki anaweza kufundisha sauti nne, na mwanafunzi anaweza kuzinakili kwa penseli ya kawaida. Ndiyo maana wamisionari waliisambaza Afrika nzima, na ndiyo maana hadi leo kuna kwaya Afrika ya Mashariki zinazoimba kwa solfa bila kuona aibu yoyote. Sontonga aliandika nyimbo zake kwa mfumo huo, na inaelezwa kwamba nyingi zilikuwa za huzuni, zikibeba taabu alizoziona kwa Waafrika wa Johannesburg.

Ukiusikiliza wimbo wake kama mwalimu wa kwaya, unaona mkono wa mtu aliyezoea kufundisha. Sauti zote nne hutembea pamoja, silabi kwa silabi. Misemo ya muziki hurudiwa, kwa hiyo anayejifunza akishika nusu ya kwanza, ya pili humjia kwa urahisi. Makubaliano ya sauti ni machache na ya kawaida, yale ambayo mwimbaji wa besi huyapata hata akiwa mgeni wa wiki moja. Wapo wachambuzi wanaosikia ndani yake mwangwi wa Aberystwyth, utenzi wa Joseph Parry wa Wales wa mwaka 1879, na wapo wanaoutumia ukaribu huo kumpunguzia Sontonga sifa. Siwaungi mkono. Mtunzi wa kanisa huanzia kwenye sauti ambazo masikio ya watu wake yameshazizoea, kisha huweka juu yake ombi ambalo hakuna mwingine aliyekuwa ameliweka. Sontonga aliweka ombi la bara zima katika wimbo uliokusudiwa watoto wa shule moja. Upeo huo ni wake, na hakuupata Wales.

Sasa tazama ulivyosafiri. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Mboweni wa Kimethodisti. Baadaye ulidakwa na kwaya ya shule ya Ohlange huko Natal, shule iliyoanzishwa na John Dube, mchungaji na mwalimu, na ambayo kwaya yake ilikuja kung'ara chini ya Reuben Caluza, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa palepale. Tarehe 8 Januari 1912, wawakilishi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, wimbo huo uliimbwa baada ya sala ya kufunga, na Dube akachaguliwa kuwa rais wa kwanza. Mwaka 1923 Solomon Plaatje, aliyeanza maisha kama mwalimu msaidizi katika misheni ya Pniel, aliurekodi London. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake wa kufungia mikutano. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi, naye mwalimu, aliongeza beti saba kwa Kixhosa, na mtambo wa uchapaji wa Lovedale ukautoa kama kijitabu. Hesabu wenyewe: kila kiungo katika mnyororo huo ni mwalimu, shule, kwaya au kiwanda cha vitabu cha misheni. Wanasiasa waliupokea ukiwa umeshapikwa. Hata ulipofika Dar es Salaam mwaka 1961, kisha Lusaka, Harare na Windhoek kwa vipindi tofauti, ulifika kwanza kwa miguu ya wanakwaya na baadaye ndipo ukapandishwa mlingotini.

Upande wa pili wa maisha hayo ndio unaoniuma. Sontonga alikuwa na daftari aliloandikia nyimbo zake kwa mkono. Baada ya kifo chake, kwaya zilimwendea mjane wake, Diana, kuliazima, kwa kuwa nyimbo zilikuwa zimependwa. Daftari likawa linazunguka, mara kwa hawa, mara kwa wale, mpaka likapotea, na inasimuliwa kwamba aliyeliazima mwisho alikuwa mtu wa familia. Inasimuliwa pia kwamba Diana aliuza haki ya wimbo ule mkubwa kwa peni sita. Alifariki mwaka 1929, miaka 2 baada ya kijitabu cha Lovedale kutoka. Ni rahisi leo kumlaumu mjane huyo, na ningeomba tusifanye hivyo. Aliachwa na mtoto mdogo katika mji uliokuwa umetoka vitani juzi tu, bila kipande cha karatasi kinachosema nyimbo zile ni mali ya nani, bila nakala ya pili, na bila kanisa au shule iliyojitwika kazi ya kuzitunza. Alifanya kilichowezekana: aliwaazima watu wa kwaya, kwa sababu mume wake alitunga kwa ajili ya watu wa kwaya. Kosa lilikuwa la taasisi zilizokula matunda ya kazi ile na kumwachia mtu mmoja mzigo wa kuihifadhi.

Jina lake nalo nusura lifuate daftari. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, kwenye sehemu iliyotengwa kwa Wakristo wenyeji, kama utaratibu wa ubaguzi ulivyotaka. Watafiti walipolitafuta kaburi lake miongo mingi baadaye walihangaika sana, kwa kuwa walitafuta Sontonga kumbe rejesta ilimwandika kwa jina la Enoch peke yake. Mwafrika wa wakati ule hakuhesabiwa kuwa na haja ya jina la ukoo. Kaburi lilipatikana miaka ya 1990, na tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi wa Afrika Kusini, Rais Nelson Mandela alizindua mnara pale, kaburi likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mjukuu wa marehemu akapokea nishani kwa niaba yake. Miaka 91 ilikuwa imepita. Ilikuwa haki, na ilikuwa heshima kubwa. Lakini serikali yenye wanahistoria, rejesta na fedha iliweza kulipata kaburi tu. Nyimbo zilizokuwa ndani ya daftari hakuna awezaye kuzirudisha, kwa sababu hazikuwa na nakala.

Kuna atakayesema kwamba huo ndio mwenendo wa Afrika, ambako mambo hupita kwa mdomo na mengine hupotea njiani. Historia ya Lovedale kwenyewe inakanusha. Karibu karne nzima kabla ya daftari la Sontonga, nabii wa Kixhosa aitwaye Ntsikana, asiyejua kuandika, aliwafundisha wafuasi wake utenzi wa kumsifu Mungu. Alifariki mwaka 1821. Wanafunzi wake waliushika utenzi ule kwa kichwa, wakawafundisha watoto wao, na mwanamuziki John Knox Bokwe akauandika kwa solfa na kuuchapisha pamoja na tenzi nyingine za Lovedale mwaka 1885. Mtu ambaye hakuandika neno hata moja utenzi wake upo. Mtu aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe nyingi za nyimbo zake hazipo. Ulaya nako mambo yalikwenda hivyohivyo: Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Thoma mjini Leipzig na kiongozi wa muziki wa makanisa ya mji, na alipofariki mwaka 1750 kazi zake ziligawanywa baina ya mjane na wana. Sehemu kubwa ya nyimbo alizotunga kwa ajili ya ibada za Jumapili imepotea. Kundi moja lilibaki salama kwa sababu Anna Magdalena, mjane wake, alizikabidhi karatasi za waimbaji na wapigaji kwa shule ileile. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kazi imeandikwa au haikuandikwa, wala kama mtunzi ni Mwafrika au Mzungu. La kuuliza ni kama kuna taasisi na wanafunzi waliopewa jukumu la kuitunza.

Nyumbani tunao mfano unaotia moyo, na ni ajabu kwamba hatuutaji mara nyingi. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri kutoka pande za Bukoba, aliandika maneno ya utenzi wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, akayaweka katika sauti ya asili ya Kitanzania. Wakati huo chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, kilikuwa na mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyewahimiza Watanzania kutunga kwa sauti za kwao, akakusanya kazi zao, akazichapisha, na baadaye akazitafsiri kwa Kiingereza. Leo utenzi ule umo katika vitabu vya Walutheri wa Marekani, na jina la Kyamanywa limechapwa chini ya ukurasa, likisomwa na watu ambao hawajawahi kuona Ziwa Viktoria. Kenya nako, ile kamati ya mwaka 1963 iliyotengeneza wimbo wa taifa kutokana na bembezi ya Wapokomo ilijaa wanamuziki na walimu, akiwemo George Senoga-Zake, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya muziki wa jadi wa Kenya. Watu hawa hawakuwa na fedha nyingi kuliko tulizo nazo sisi. Walikuwa na tabia ya kuandika, kutaja jina, na kutoa nakala.

Tabia hiyo ndiyo imelegea katika kwaya zetu. Mwalimu wa kwaya wa parokia au usharika ni mtu wa kazi nyingi kwa malipo kidogo au pasipo malipo kabisa. Hufundisha sauti jioni, mara tatu au nne kwa wiki, baada ya ajira yake ya mchana. Hutunga wimbo wa jubilei ya padri, wimbo wa kubariki kanisa, wimbo wa harusi ya mwanakwaya, wimbo wa msiba usiku wa kuamkia mazishi. Huandika katika daftari la shule, huchora mistari kwa rula, hupeleka ukurasa kutolewa nakala, na nakala ile hutolewa nakala nyingine, hadi kona ya juu iliyobeba jina lake inakatika au kufifia. Kwaya ya jirani huupata wimbo, kwaya ya jimbo jingine huurekodi, na mtangazaji wa redio anasema umeimbwa na kwaya fulani. Mwalimu akifa, kwaya huvaa sare, humwimbia vizuri mno, hotuba husomwa, taji huwekwa. Kisha daftari hubaki juu ya kabati la nyumba yenye watoto wadogo na wapangaji, au huchukuliwa na mwanakwaya mmoja kwa nia njema. Yaliyompata Diana mwaka 1905 yanaweza kumpata mjane yeyote wa mwalimu wa kwaya mwaka huu, mjini Mwanza, Kisumu au Bukavu.

Pingamizi la kwanza hutoka ndani ya kanisa, na ni la heshima. Linasema muziki wa ibada ni sadaka, na sadaka haiwekwi jina la mtoaji. Mtunzi anayetaka jina lake liandikwe anamwibia Mungu utukufu. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu walimu wengi wa kwaya wenyewe huamini hivyo na huona haya kuandika majina yao. Lakini Maandiko hayako upande huo. Zaburi zimebeba majina: Daudi, Asafu, wana wa Kora, Hemani, Ethani. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinaorodhesha wanamuziki wa hekalu ukoo kwa ukoo, kinataja idadi ya waliofundishwa kumwimbia Bwana kuwa 288, na kinaeleza kwamba kura za zamu zilipigwa sawasawa kwa mwalimu na kwa mwanafunzi. Mwandishi wa kitabu kile hakuona kwamba kuwataja kunapunguza sifa za Mungu. Aliona, nadhani, kwamba jumuiya isiyojua nani alifundishwa na nani itashindwa kuendeleza huduma. Unyenyekevu ni wa mtunzi, na ni vizuri awe nao. Sisi tunaorithi kazi yake tuna wajibu tofauti, nao ni wa shukrani na uaminifu. Hatuwezi kuutumia unyenyekevu wake kama kisingizio cha uzembe wetu.

Pingamizi la pili ni la kizazi cha simu. Siku hizi, watasema, kila kitu kinarekodiwa: kwaya zina video, wimbo uko YouTube kabla ya Jumapili kwisha, basi nani bado anahitaji daftari? Kurekodi ni jambo jema, nami sidharau kazi ya studio zetu. Hata hivyo rekodi huhifadhi jinsi kwaya moja ilivyoimba siku moja, pamoja na kinanda kilichofunika sauti ya tatu na ngoma iliyofunika maneno. Kwaya nyingine ikitaka kuuimba hulazimika kukisia, na kwa kuwa kila mtu hukisia kwa namna yake, baada ya miaka 10 wimbo una sura tano, na hakuna ajuaye ya mwalimu ni ipi. Zaidi ya hapo, maelezo chini ya video mara nyingi hutaja kwaya, mchungaji, studio na mfadhili, akakosekana aliyetunga. Akaunti hufungwa, simu huibwa. Intaneti inayofaa ni ile inayobeba nota zenyewe: Wakatoliki wa Tanzania wanayo tovuti ya Swahili Music Notes, ambako nota za nyimbo za kwaya huwekwa zikiwa na majina ya watunzi wake, na mwalimu aliye mbali huzipakua na kuzifundisha. Huo ni mnyororo uleule wa Ohlange na Lovedale kwa chombo kipya. Madhehebu mengine yangefanya vema kuwa na mnyororo wao, au kuomba kushirikiana.

La tatu linagusa mfuko, na hapa wanaopinga wana sehemu ya ukweli. Wanasema: mkisambaza nakala mnawaumiza watunzi, maana wengine huishi kwa kuuza nota na albamu. Ni kweli kutoa nakala na kuziuza bila ruhusa ni dhuluma, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inatoa kinga ya muda huohuo kwa kazi za muziki. Lakini soma maana yake kwa makini: miaka hiyo 50 ni ya mjane na watoto. Watadai nini wasipokuwa na karatasi yenye jina, tarehe na nota kamili? Mtunzi aliyefariki mwaka 2020 ataendelea kulindwa mpaka mwaka 2070, ila ulinzi huo ni hewa kama kazi zake hazijulikani ni zipi. Kuweka nakala moja katika ofisi ya parokia na nyingine katika maktaba ya chuo si kuzigawa sokoni. Ni ushahidi. Peni sita za Diana zinaonyesha bei ya muziki usio na ushahidi, na waliolipa bei ile ni yeye na mtoto wake. Mwenye kuwatakia watunzi riziki awe wa kwanza kutaka madaftari yanakiliwe kwa utaratibu.

Husikika pia kwamba si kila wimbo wa kila mwalimu una thamani ya kuhifadhiwa. Huenda. Ila hakuna aliye na kipimo hicho mkononi siku mtunzi anapokufa. Mwaka 1897 Nkosi Sikelel' iAfrika ulikuwa wimbo wa shule moja ya misheni, ukiwa na ubeti mmoja na kiitikio. Kama mtu angeambiwa achague kazi moja tu ya kuokoa katika daftari la mwalimu wa Nancefield, hakuna uhakika kwamba angechagua huo. Kwaya zilizokwenda kwa Diana ziliazima nyimbo nyingine pia, na hizo ndizo tusizoweza kuzipima tena. Uchujaji ni kazi ya vizazi, na vizazi huchuja kilichowafikia.

Yanayohitajika kufanywa hayazidi uwezo wetu. Vyuo vya makanisa vinavyofundisha muziki, Makumira kikiwa kimojawapo, vinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kukusanya na kuandika upya nyimbo za walimu wa kwaya wa wilaya wanazotoka, badala ya kuwaacha wote waandike insha zinazofanana juu ya watunzi wa Ulaya. Kurugenzi za muziki za majimbo na dayosisi zinaweza kuweka sharti kwamba wimbo wowote unaoimbwa katika mashindano ya kwaya uwasilishwe na nota yenye jina la mtunzi na mwaka wa kutungwa, na kwaya isiyo nayo isipewe alama za juu. Vyombo vya habari vya dini vinaweza kumtaja mtunzi kila wimbo unapopigwa. Wizara za elimu nazo zijiulize kwa nini muziki hufundishwa katika shule chache namna hii, katika nchi ambayo wimbo wake wa taifa ulitungwa na mwalimu kwa ajili ya wanafunzi. Kwa Tanzania naongeza ombi moja dogo: kitabu cha uraia kinapoweka Mungu Ibariki Afrika mbele ya mtoto, jina la Enoch Mankayi Sontonga liwe pale, pamoja na kazi yake, mwalimu wa shule na wa kwaya.

Na kwa msomaji aliye mwanakwaya, mzee wa kanisa au mtoto wa mwalimu wa kwaya, ombi langu haliwezi kungoja kamati. Mwalimu angali hai, mwombe ruhusa, keti naye, nakili daftari lake ukurasa kwa ukurasa, na kila palipofifia mwulize aimbe. Andika juu ya kila wimbo jina lake kamili, kwa jina la ukoo, mahali na mwaka alioutunga. Nakala moja mrudishie yeye, ya pili ipeleke ofisi ya kanisa ukaisainie, ya tatu wape wanaojifunza kuongoza kwaya baada yake, na waanze kuzifundisha nyimbo hizo angali anaweza kuwasahihisha.